Mtoto Aanze Lugha ya Pili Lini: Miaka 3, 7 au 13?

Kila ifikapo Novemba na Desemba, fomu za kujiunga na shule zinapoanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, swali hurudi: mtoto aanze Kiingereza lini? Mmoja atasema apelekwe shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, akiwa na miaka 3, la sivyo ulimi utakuwa mzito. Mwingine atasema amalize shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza atakikuta mbele. Wa tatu ataleta methali, samaki mkunje angali mbichi, na mjadala utaishia hapo kana kwamba methali imemaliza kazi.

Haijamaliza. Umri ni kitu kimoja kati ya vitatu vinavyoamua mtoto atafika wapi katika lugha ya pili. Viwili vingine ni saa anazoisikia na kuitumia lugha hiyo, na uimara wa lugha aliyoanza nayo. Niuweke msimamo wangu wazi mapema. Kwa familia ambayo nyumbani hakuna anayezungumza Kiingereza katika maisha ya kila siku, na familia nyingi za Tanzania ziko hivyo, sioni haja ya kukimbilia miaka 3. Wakati mzuri ni kati ya miaka 7 na 10, mtoto akishajua kusoma kwa lugha anayoielewa. Kwa familia yenye mzungumzaji wa kweli wa lugha ya pili ndani ya nyumba, awe bibi, baba au shangazi, jibu ni tofauti kabisa: aanze siku aliyozaliwa.

Sikio, ulimi na sarufi

Katika matamshi, mdogo humshinda mkubwa. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, watafiti wa Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hawazitofautishi kirahisi. Walipofika miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umekaribia kutoweka. Sikio huanza kuchagua hata kabla mtoto hajatamka neno la kwanza. Hushika sauti zinazosemwa karibu naye na kuziachilia nyingine.

Kwa mtoto wa Kiswahili hili lina maana mahususi. Lugha yetu ina vokali 5. Kiingereza cha Uingereza kina takriban 20, ukihesabu na zile zinazoungana. Aliyekianza ukubwani huzibana zote hizo ndani ya tano alizozaliwa nazo, ndiyo maana maneno mawili ambayo Mwingereza huyasikia tofauti, kwetu hutoka mdomoni sawasawa. Kwenye konsonanti tuna nafuu. Mtoto anayetamka vizuri dhahabu na thamani tayari anazo sauti mbili ambazo Wafaransa na Wajerumani huhangaika nazo wanapojifunza Kiingereza.

Ushahidi mwingine tunao Pwani. Watoto wanaopelekwa chuo cha Kurani wakiwa na miaka 4 au 5 hutamka herufi za Kiarabu ain na qafu kwa wepesi ambao mtu aliyeanza akiwa na miaka 30 huutafuta kwa jasho. Lakini wengi wao humaliza juzuu baada ya juzuu bila kuweza kuagiza chai kwa Kiarabu. Hiyo si kasoro ya chuo, kwa sababu lengo lake ni kuisoma Kurani kwa usahihi na lengo hilo hutimia. Kinachoonekana hapo ni kwamba umri mdogo humpa mtoto sauti, lakini kuelewa na kuzungumza hutokana na matumizi.

Kwenye sarufi, picha inafanana na ya matamshi, ila mlango hufungwa polepole zaidi. Jacqueline Johnson na Elissa Newport walichapisha mwaka 1989 utafiti wa watu 46 wenye asili ya China na Korea waliohamia Marekani. Waliofika kabla ya kutimiza miaka 7 walikijua Kiingereza sawa na wenyeji, na kadiri umri wa kufika ulivyopanda hadi balehe, ndivyo alama zilivyoshuka. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake, kwa kutumia majibu ya karibu watu 670,000 waliofanya jaribio kwenye intaneti, waliusogeza mpaka huo mbele sana. Walikadiria kwamba uwezo wa kushika sarufi hubaki na nguvu hadi karibu miaka 17, ingawa anayetaka kufikia kiwango cha mzawa anahitaji awe ameanza kabla ya miaka 10 hadi 12, maana safari yenyewe ni ndefu.

Hapo ndipo wazazi wengi huacha kusoma, wakakimbia kulipa ada ya chekechea. Watu wa Johnson na Newport, hata hivyo, walikuwa wahamiaji. Waliamka wakakuta Kiingereza mtaani, dukani, kwenye basi, kwenye televisheni na midomoni mwa watoto wenzao. Mtoto wa Tabata au wa Nyegezi haishi hivyo. Yeye hukutana na Kiingereza darasani, kisha akitoka nje hukuta Kiswahili kila upande. Kumpa matumaini ya yule mhamiaji wa Marekani ni kumdai zaidi ya alichopewa.

Nani anajifunza haraka?

Jibu huwashangaza wengi: mkubwa. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walifuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, wadogo kwa watu wazima, katika mwaka wao wa kwanza wa kujifunza Kiholanzi, na matokeo yakatoka mwaka 1978. Miezi ya mwanzo waliokwenda kasi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima. Walioshika mkia walikuwa wa miaka 3 hadi 5.

Ukitafakari, ni jambo la kawaida. Mtoto wa miaka 13 anajua kusoma, anaweza kuandika neno jipya kwenye daftari na kulirudia jioni, anaelewa mwalimu akisema kitenzi hubadilika wakati ukibadilika. Wa miaka 4 hana zana hizo. Anategemea kusikia kitu kilekile mara mia katika michezo na mazungumzo. Akiyapata mazungumzo hayo kila siku kwa miaka, mwishowe atamfikia na kumpita mkubwa. Asipoyapata, udogo wake haumsaidii kitu.

Hesabu ya saa

Hispania ilitoa nafasi adimu ya kuupima umri peke yake. Mabadiliko ya mfumo wa elimu yalishusha umri wa kuanza somo la Kiingereza kutoka miaka 11 hadi 8, na Carmen Muñoz na wenzake wa Barcelona wakapata makundi mawili ya kulinganisha: walioanza wakiwa na miaka 8 na walioanza na 11. Waliwapima baada ya saa 200, baada ya saa 416, na tena baada ya saa 726 za masomo. Kwa idadi ileile ya saa, walioanza na miaka 11 walikuwa mbele katika vipimo vingi. Uswisi nako, utafiti wa Simone Pfenninger katika jimbo la Zurich uliwalinganisha walioanza Kiingereza wakiwa na miaka 8 na walioanza na 13. Waliochelewa waliziba pengo la miaka mitano ndani ya muda mfupi, na hadi wanamaliza sekondari faida ya kuwahi ilikuwa imeyeyuka.

Tufanye hesabu ya kwetu. Vipindi vitano vya Kiingereza kwa wiki, kila kimoja dakika 40, ni saa 3 na dakika 20. Kwa wiki 38 za masomo ni kama saa 127 kwa mwaka, na hapo hatujatoa siku za mitihani, za mvua na za mwalimu kuitwa semina. Gawanya kwa wanafunzi themanini, utajua kila mmoja anapata sekunde ngapi za kufungua mdomo.

Sasa mchukue bibi anayemsemesha mjukuu wake Kihaya saa mbili kila siku, wakichambua maharage, wakienda dukani, akimsimulia hadithi kabla ya kulala. Kwa mwaka ni saa 730. Watoto wa Barcelona walizifikisha zile saa 726 walipokuwa wakikaribia kumaliza sekondari. Bibi amezitoa ndani ya mwaka mmoja, moja kwa moja, mtu na mtu, bila ada. Ndiyo maana nasema umri wa kuanza hauwezi kujibiwa kabla hujajua ni nani atakayezungumza na mtoto, na kwa muda gani.

Na tafadhali, katuni zisihesabiwe. Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2003 waliwakutanisha watoto wa Kimarekani wa miezi 9 na wazungumzaji wa Kimandarini katika vikao 12 vya kucheza na kusoma vitabu. Watoto hao walianza kuzitambua sauti za Kimandarini. Kundi jingine lilipewa watu walewale na maneno yaleyale kupitia skrini, na halikujifunza sauti hizo. Mtoto mkubwa kidogo, wa miaka 8 au 9, ataokota maneno kwenye katuni, hasa kama lugha tayari anaifahamu kiasi. Mchanga anahitaji uso unaomjibu.

Chekechea ya Kiingereza, au Kiswahili kwanza?

Huu ndio uchaguzi unaowagharimu wazazi fedha nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Faida ya chekechea ya Kiingereza ipo. Mtoto akikutana na mwalimu anayekizungumza vizuri, darasa la watoto ishirini na tano, nyimbo, vitabu vya picha na muda wa kucheza, atapata masikio na ujasiri. Hataogopa Kiingereza maisha yake yote, na hilo si dogo katika nchi ambayo watu wazima wenye shahada hukaa kimya mkutanini kwa hofu ya kuchekwa.

Gharama yake ni kwenye kusoma. Herufi za Kiswahili ni nyoofu: kila herufi na sauti yake, ba be bi bo bu, na mtoto aliyezishika silabi anaweza kusoma neno lolote hata ambalo hajawahi kulisikia. Tahajia ya Kiingereza haina huruma hiyo. Philip Seymour na wenzake walilinganisha mwaka 2003 watoto wanaojifunza kusoma kwa lugha 13 za Ulaya. Waliokuwa wakisoma Kiingereza walihitaji zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao wa lugha zenye tahajia nyoofu kama Kifini kufikia hatua zilezile za mwanzo. Nao hao walikuwa watoto ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Mtoto wetu wa miaka 5 anayepewa kusoma Kiingereza kabla ya Kiswahili anabeba mizigo miwili kwa pamoja, tahajia ngumu na maneno asiyoyajua maana. Wengine hukariri ukurasa mzima kwa sauti nzuri, mzazi akapiga makofi, kumbe ukimfunika picha hajui amesoma nini.

Kuna na udanganyifu wa ufasaha. Jim Cummins wa Kanada alieleza tofauti ambayo kila mwalimu ameiona kwa macho yake. Hata mtoto mhamiaji anayeishi ndani ya lugha huchukua kama miaka 2 kuweza kuongea na wenzake, lakini miaka 5 hadi 7 kuifikia lugha ya kusomea, ile ya kueleza kwa nini maji huchemka au ya kulinganisha utawala wa machifu na wa wakoloni. Mtoto wa darasa la pili anayesalimia wageni kwa Kiingereza na kutaja rangi zote hajafika popote bado. Ameanza tu, na anastahili kuendelea kusaidiwa.

Nijeria ilijaribu kwa vitendo njia ya pili, ya kuanza na lugha ya mtoto mwenyewe. Kuanzia mwaka 1970, huko Ile-Ife, mradi uliosimamiwa na Profesa Babs Fafunwa uliwafundisha watoto masomo yote kwa Kiyoruba miaka sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekimudu. Watoto hao waliwashinda wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema, na hata katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Wazo lililokomaa katika lugha ya kwanza huhamia kwenye ya pili. Mtoto aliyeelewa sehemu na desimali kwa Kiswahili anahitaji jina jipya tu. Asiyeelewa kwa lugha yoyote ana jina bila kitu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni shule zinazowakataza watoto kabisa kusema Kiswahili, mpaka kuwavisha kibao shingoni atakayeteleza. Lugha ya kwanza si kitu kilichopigiliwa misumari kichwani. Mwaka 2003 Christophe Pallier na wenzake huko Ufaransa waliwapima watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na kati ya miaka 3 na 8. Hawakuweza kuitambua sauti ya Kikorea kati ya lugha nyingine, na picha za ubongo hazikuonyesha tofauti na Wafaransa ambao hawakuwahi kuisikia. Miaka mitatu hadi minane ya lugha ilipotea kwa kukosa wa kuzungumza naye. Mtoto wetu hajatengwa na Kiswahili kiasi hicho, maana mtaa unamrudishia. Kilugha cha bibi je? Mtaa hauna. Kikinyamaza ndani ya nyumba, kimekwisha.

Na jambo moja tulizungumze kwa haki. Mzazi anayelipa shule ya mchepuo wa Kiingereza mara nyingi ananunua darasa dogo, choo safi, mwalimu anayefika kila siku na daftari linalosahihishwa. Mtoto akifaulu, sifa hupewa Kiingereza. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya darasa dogo. Ukipata shule inayotoa malezi hayo kwa Kiswahili, pamoja na somo zuri la Kiingereza, usiidharau kwa sababu ya ubao wa nje.

Kungoja hadi kidato cha kwanza

Tangu 1967 shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hubadili kuwa Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliandika ripoti baada ya kuwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali, wakakuta kwamba Kiingereza cha wengi sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Walimu wa leo wakiisoma wataijua picha hiyo vizuri.

Wengi huhitimisha kwamba tatizo ni kuchelewa. Sikubaliani nao. Mtoto wa miaka 13 ana kasi kuliko wote. Tatizo ni kwamba anatakiwa kujifunza lugha na kujifunza baiolojia kwa lugha hiyohiyo, siku ileile, kwa mwalimu ambaye naye analazimika kurudia kwa Kiswahili ili aeleweke. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitetea tofauti hii kwa miaka mingi: kufundisha Kiingereza vizuri ni kazi moja, kufundisha kila kitu kwa Kiingereza ni kazi nyingine, na ya pili haileti ya kwanza.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake yuko darasa la sita au la saba sasa hivi, faraja ni kwamba hajachelewa. Kati ya mtihani wa Septemba na kufungua shule Januari kuna miezi mitatu hadi minne. Wengi huitumia kwa masomo ya maandalizi yanayokimbiza mada za kidato cha kwanza. Ningeitumia kwa vitabu vyepesi vya hadithi vya Kiingereza, vyenye kurasa chache, kimoja baada ya kingine, mtoto akimsimulia mtu alichosoma kwa lugha yoyote anayotaka. Maneno ya maabara atayakuta mbele. Anachohitaji ni mazoea ya kusoma Kiingereza na kuelewa bila kutafsiri kila neno.

Kwa kulinganisha na walioanza mapema, huyu wa miaka 13 atabaki na lafudhi ya Kiswahili. Sioni ubaya. Kofi Annan alizungumza na dunia nzima kwa lafudhi yake ya Ghana, na alieleweka.

Kiswahili kikiwa ndicho lugha ya pili

Tunazungumza kana kwamba kila mtoto huanza na Kiswahili. Mtoto wa kijijini Usukumani au wa Kimasai katika Ngorongoro anaweza kukutana na Kiswahili cha kukaa nacho kutwa siku anayoingia darasa la awali. Kwake umri wa miaka 5 ni mzuri, kwa sababu ile hesabu ya saa iko upande wake. Redio, mnada, ibada, nyimbo na watoto wenzake vitamjazia Kiswahili ambacho shule peke yake isingeweza. Anachohitaji ni mwalimu asiyemkaripia kwa kujibu Kisukuma katika miezi ya mwanzo. Uganda iliingiza wazo hilo kwenye mtaala mwaka 2007, lugha za maeneo zikitumika madarasa matatu ya kwanza kabla ya kugeukia Kiingereza.

Kwa Waswahili wa Minneapolis, London au Oslo, mizani imepinduka. Lugha ya nje itajileta yenyewe. Kinachohitaji kuwahiwa ni Kiswahili, na dirisha lake ni kabla ya shule kuanza. Mtoto aliyefika miaka 5 akiwa anaota kwa Kiswahili ana akiba. Aliyesemeshwa Kiingereza kibovu na wazazi wake wakidhani wanamsaidia, amekosa vyote viwili. Semeni naye lugha mnayoimudu. Shule itafanya kazi yake.

Hofu mbili zinazopotosha uchaguzi

Ya kwanza, kwamba lugha mbili huchelewesha mtoto kusema. Watoto wa lugha mbili hupita hatua za kuanza kuzungumza kwa wakati wa kawaida. Msamiati wao katika lugha moja unaweza kuwa mdogo, lakini ukijumlisha lugha zote mbili wanalingana na wenzao. Mtoto asiyesema katika lugha yoyote apimwe usikivu hospitalini, na lugha ya bibi isifukuzwe nyumbani kwa kosa ambalo si lake.

Ya pili, kuchanganya. Mtoto wa miaka 3 atatia lugha mbili kwenye sentensi moja. Watu wazima wa Dar es Salaam na Nairobi hufanya hivyo kutwa, tena kwa ustadi. Haina haja ya kumkatiza. Mjibu kwa lugha yako, naye ataisikia sentensi nzima.

Sasa chagua

Kama mmoja wenu anazungumza lugha nyingine kwa kina, Kiingereza, Kiarabu, Kinyakyusa au Kifaransa, aanze nayo mtoto akiwa mchanga na asiiache. Hakuna shule itakayowahi kumpa saa hizo.

Kama nyumbani ni Kiswahili tupu na shule za karibu ni za serikali, usijione umeshindwa. Msaidie asome Kiswahili vizuri kufikia miaka 7 au 8, kisha ongeza Kiingereza kwa vitabu na mtu wa kuzungumza naye, hata nusu saa kila siku. Nusu saa ya kila siku ni zaidi ya saa 180 kwa mwaka, nyingi kuliko vipindi vyote vya darasani.

Kama una uwezo wa ada na unafikiria chekechea ya Kiingereza, nenda shuleni siku ya kawaida ya masomo, si siku ya maonyesho. Kaa nyuma ya darasa la awali dakika ishirini. Sikiliza mwalimu anapoacha kitabu na kumtuliza mtoto anayelia: Kiingereza chake hapo ndicho mwanao atakachorithi. Hesabu ni watoto wangapi walisema sentensi yao wenyewe, tofauti na kuitikia kwa pamoja. Uliza mtoto akisema Kiswahili hufanywa nini. Uliza Kiswahili kinafundishwa mara ngapi kwa wiki, na kama mtoto atatoka darasa la pili akiweza kukisoma. Wakikujibu kwamba Kiswahili atakijua tu mtaani, endelea kutafuta shule nyingine. Na kama hakuna nyingine, mpeleke, lakini kusoma Kiswahili kuwe kazi yenu ya nyumbani kila jioni, kuanzia ba be bi bo bu.